Ruzuku ya shule inavujia wapi? Dalili, vyanzo na namna ya kupima

Nilipoingia kamati ya usimamizi wa shule moja ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda, kikao changu cha kwanza kilifunguliwa kwa neno "wezi". Hakuna aliyejua fedha za ruzuku ya serikali zimeingia shilingi ngapi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema zimepotea ngapi. Tulizozana saa mbili, tukamtupia mwalimu mkuu maneno makali, tukaenda zetu. Kesho yake watoto wa P.2, yaani darasa la pili, walikaa sakafuni kama kawaida.

Ilituchukua muda kuelewa kosa letu. Dalili moja shuleni inaweza kuwa na vyanzo vitatu, na pengine kimoja tu ndicho wizi. Ukikosea chanzo, unamwaibisha mtu asiye na hatia na mwizi anabaki ametulia. Nimeandika haya kwa mzazi, mjumbe wa kamati, diwani wa gombolola (tarafa ndani ya wilaya) au mwalimu aliyechoka kunyamaza. Anza na dalili uliyoiona kwa macho yako.

Kabla ya dalili yoyote: ijue namba

Kati ya 1991 na 1995 serikali kuu ilikuwa ikitoa ruzuku kwa kila mtoto wa shule ya msingi, na fedha zilipitia wilayani. Mwaka 1996 wachunguzi wakazifuatilia hadi kwenye shule 250, wakalinganisha kilichotoka Kampala na kilichoandikwa kwenye vitabu vya shule. Kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo ilikuwa imefika. Shule nyingi hazikupata hata senti. Na kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka linaniuma: shule za jamii zenye nafuu zilipata fungu kubwa kuliko shule za maskini, kwa sababu huko wazazi na walimu walikuwa na nguvu ya kudai. Aliyehitaji zaidi ndiye aliyeibiwa zaidi.

Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Si magazeti peke yake yaliyofanya kazi hiyo, maana njia za kutuma na kusimamia fedha zilibadilishwa pia. Lakini fikiria mshahara wa mwalimu. Ukipungua shilingi elfu kumi, siku hiyohiyo atauliza, kwa kuwa anajua anachodai. Ruzuku ya mtoto haikuwa na mtu wa kuiuliza. Mtoto hakuijua, mzazi hakuijua, na mara nyingi hata mwalimu mkuu alipewa alichopewa akashukuru.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hesabu. Ruzuku ya UPE, mpango wa elimu ya msingi bila ada ulioanza 1997, ilikaa miaka mingi kwenye shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, kisha ikapandishwa hadi 20,000. Shule yenye watoto 600 inatarajia 12,000,000 kwa mwaka, yaani kama 4,000,000 kwa muhula, pamoja na kiasi kisichobadilika ambacho kila shule hupewa. Iandike kwenye karatasi kabla hujafungua mdomo kikaoni. Wizara ya Fedha huweka kwenye tovuti yake ya bajeti kiasi kinachotolewa, na ofisi ya elimu ya wilaya inayo orodha ya shule zake. Usipoijua namba hii, mengine yote ni porojo.

Dalili: hakuna chaki, hakuna vitabu, mtihani unaandikwa ubaoni

Hii ndiyo malalamiko ya kila siku, na ndiyo inayohukumiwa haraka kuliko zote.

Chanzo cha kwanza kinaweza kuwa kuchelewa. Siku hizi fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, lakini zinaweza kuingia muhula ukiwa umefika katikati. Omba taarifa ya benki ya muhula mzima, usikubali kuambiwa kwa mdomo. Ukikuta fedha ziliingia wiki ya saba na chaki zikanunuliwa wiki ya nane, mwalimu mkuu hana kosa. Huenda hata alikopa dukani kwa jina lake ili watoto wasome.

Chanzo cha pili ni udogo wa fedha zenyewe. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikadiria kuwa mtoto wa shule ya kijijini anahitaji takriban shilingi 59,000 kwa mwaka. Linganisha na 20,000. Zile 4,000,000 za muhula zikishagawanywa kwa vifaa, michezo, usimamizi na matengenezo, kinachobaki kwa darasa moja ni kidogo mno. Nasema hivi kwa sababu nimeona mwalimu mkuu mwaminifu akilia mbele ya wazazi. Umaskini wa bajeti nao unaua shule, na dawa yake ni mbunge na wizara, haiko kwa mkaguzi wa hesabu.

Chanzo cha tatu ni kwamba fedha ziliingia zikatoka na hakuna kilichonunuliwa. Hapa fungua faili la risiti. Sisi tulikuta risiti tatu za duka moja la vifaa vya ofisi. Ya kwanza ilikuwa ya Februari, ya pili ya Juni, ya tatu ya Oktoba. Namba zake zilikuwa 041, 042 na 043. Jaja (bibi) mmoja aliyekuwa mjumbe mwenzetu, mwanamke aliyeuza samaki mpakani miaka thelathini na hakwenda shule zaidi ya P.4, ndiye aliyeliona. Aliziweka mezani zikiwa zimepangana, akauliza kwa upole: "Mwenye duka hili, kwa miezi minane hakupata mteja mwingine?" Chumba kizima kikanyamaza.

Kutoa fedha kulihitaji saini mbili, ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mwema, kiongozi wa dini, na alikuwa amesaini fomu tupu kadhaa mwanzoni mwa mwaka ili "asisumbuliwe". Hakula hata shilingi. Lakini ule wema wake ndio uliokuwa tundu la bomba. Kwa hiyo ukipima dalili hii, uliza pia nani anasaini, anasaini nini, na kama karatasi huwa imeshajazwa anapoishika kalamu.

Dalili: rejista ina watoto 600, benchi zina 430

Usikimbilie kusema wanafunzi hewa. Siku ya soko hapa mpakani watoto wakubwa wanabeba mizigo. Msimu wa kupanda unawatoa darasani wengine, na wengine huvuka kwenda kwa ndugu upande wa Kenya wakarudi baada ya mwezi. Hesabu vichwa siku tatu tofauti, moja iwe katikati ya wiki isiyo na soko, na uhesabu mwenyewe darasa kwa darasa badala ya kusomewa jumla ofisini. Kisha shika majina ishirini ya rejista bila kuchagua, uwaulize watoto wenzao: huyu anakaa wapi, mama yake nani? Watoto hawajui kudanganya kwa pamoja. Jina ambalo hakuna mtoto anayelijua ndilo la kufuatilia.

Motisha ya kuvimbisha idadi iko wazi: ruzuku inafuata vichwa. Na si shule tu. Mwaka 2018 uhakiki wa wakimbizi kwa alama za vidole na macho, uliofanywa na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ulikuta watu wapatao milioni 1.1 mahali ambapo vitabu vilikuwa na milioni 1.4. Kila kichwa kisichokuwepo kilikuwa na chakula na fungu lake kwenye makaratasi.

Hasara ya wanafunzi hewa haiishii kwenye ruzuku. Wilaya hupanga walimu, madawati na madarasa kwa kuangalia idadi hizo. Shule iliyojaza majina hewa inavuta mwalimu ambaye angepelekwa shule ya pili yenye watoto 110 wa kweli ndani ya chumba kimoja.

Dalili: mwalimu yuko kwenye orodha ya mishahara, hayuko mbele ya darasa

Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2013 ulikuta karibu mwalimu mmoja kati ya wanne hayupo shuleni siku wakaguzi walipofika bila taarifa, na sehemu kubwa ya waliokuwepo hawakuwa darasani. Watu wengi wakisikia hivi husema walimu ni wavivu. Mimi sikubali kuishia hapo.

Uliza aliipataje kazi. Kwenye baadhi ya wilaya nafasi ya ualimu imekuwa ikiuzwa na watu wa tume ya utumishi ya wilaya, na wapo waliokamatwa kwa hilo. Kijana anauza ng'ombe wa baba, anakopa, analipa mamilioni ili apate kazi ambayo tayari ana cheti chake. Akianza kazi, mshahara wa miaka miwili au mitatu ya kwanza si wake, ni wa mkopeshaji. Lazima aendeshe boda boda asubuhi au afungue kibanda mjini. Anayeonekana mtoro darasani aliibiwa kabla hajashika chaki. Na yule mwenye uwezo zaidi aliyekosa hela ya kuhonga hakuajiriwa kabisa, kwa hiyo darasa limepata hasara mara mbili.

Kuna vyanzo visivyo vya ufisadi pia: nyumba ya mwalimu hakuna, anatembea kilomita nane, anaumwa, mshahara umekwama. Vipo vilevile vilivyo vya ufisadi mtupu, kama mwalimu aliyekwishahama au kufa na jina lake linaendelea kulipwa, au mwalimu anayemkatia mwalimu mkuu sehemu ya mshahara ili asiandikwe mtoro. Kupima si kazi ngumu. Weka daftari la mahudhurio mikononi mwa mjumbe wa kamati anayeishi jirani, lisikae kwenye droo ya ofisi, na mwisho wa mwezi lilinganishwe na orodha ya malipo. Jina linalolipwa bila kuonekana mwezi mzima lina maelezo, na maelezo hayo yaandikwe.

Dalili: jengo jipya, nyufa za zamani

Nenda na ufunguo wa nyumba yako. Ukwangue kwenye mchanga na simenti kati ya tofali na tofali. Ukiona unamwagika kama unga, simenti ilikwenda kwingine. Sukuma fremu ya dirisha. Tazama juu: mabati membamba hupinda ukiyabonyeza kwa kidole, na misumari michache huonekana kwa mwanga unaopenya. Kwa choo, funga jiwe kwenye kamba, lishushe, kisha pima kamba. Mkataba unasema futi ngapi? Tulipima choo kimoja tukakuta hakifiki hata nusu ya kina kilicholipiwa. Kingejaa ndani ya miaka miwili.

Sababu isiyo ya wizi ipo, nayo ni udongo. Maeneo ya udongo mweusi wa tope hupasua hata jengo zuri. Fundi mwaminifu wa kijijini atakuambia tofauti kwa kutazama tu, basi mwite umlipe soda yake. Lakini kama mkandarasi alipatikana kwa kugawa asilimia kabla ya zabuni, anajenga kwa kilichobaki, na nyufa utazikuta tu.

Tazama nani alisaini hati ya kumaliza kazi. Kwa kawaida sehemu ya malipo huzuiwa kwa miezi kadhaa ili kasoro zirekebishwe. Kamati nyingi hazijui hivyo, na fedha hizo huachiwa wakati kuta zinalia. Waarifu injinia wa wilaya na mwalimu mkuu mapema, kwa barua, kwamba kamati haijaridhika. Ukichelewa, hiyo nguvu imekuponyoka.

Choo kinaonekana jambo dogo kwa watu wanaoandika ripoti za maendeleo endelevu. Msichana wa miaka kumi na tatu hakioni kidogo. Choo kikijaa au mlango ukikosekana, anabaki nyumbani siku zake za hedhi, anabaki nyuma kwenye masomo, na mwaka unaofuata unasikia ameolewa. Aliyekula ile futi ya choo alikula masomo ya mtu kamili. Na miaka kumi baadaye kamati ya kisima cha kijiji inatafuta mwanamke wa kushika daftari la michango na kuweka akiba ya vipuri vya pampu, na inakosa. Pampu ikiharibika, watu wanarudi kwenye mto. Hivyo ndivyo ninavyoielewa Dira ya 2040, mpango wa taifa wa maendeleo, ikikwama, chini kabisa, mahali ambapo hakuna kamera.

Dalili: watoto wanafukuzwa kwa sababu ya michango

Sheria ya Elimu ya 2008 inaruhusu michango ya hiari. Inakataza mtoto kukataliwa shuleni kwa sababu mzazi hakuchanga. Chakula cha mchana ni jukumu la mzazi, na posho (ugali wa mahindi) haijileti yenyewe, kwa hiyo usiupinge kila mchango. Uliza maswali matatu tu: nani aliupitisha, risiti iko wapi, na mtoto wa mjane anafanywaje? "Hela ya maendeleo" inayolipwa mkononi bila risiti irudishwe kikaoni.

Dalili: matokeo ya PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, yanaruka ghafla

Shule ambayo P.7 hawawezi kusoma aya moja kwa sauti, kisha inatoa daraja la kwanza kwa wingi, inastahili kuulizwa. Mwalimu mpya mzuri anaweza kubadilisha shule, lakini habadilishi miezi mitatu kabla ya mtihani. Sheria ya UNEB (baraza la taifa la mitihani) ya 2021 ina kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayevujisha mtihani. Mzazi aliyechangia "bahasha ya mtihani" naye ni mhusika, na nawasihi wazazi wenzangu tusijidanganye hapo.

Bomba likipasuka juu kabisa

Kuna wakati unapima kila kitu shuleni na kila kitu ni safi, ila fedha hazipo. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba fedha za wafadhili za kuijenga upya Kaskazini baada ya vita, pamoja na Karamoja, ziliibwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Ayalandi, Norwe, Uswidi na Denmaki zikasimamisha misaada yao, na Ayalandi ikadai irudishiwe euro milioni 4, ikarudishiwa. Fedha zilizorudishwa zilitoka hazina ya Uganda, maana yake zilitoka kwa yule mama anayelipa kodi kwenye sabuni. Walioibiwa walilipa deni la waliowaibia. Mwaka 2023 ikawa mabati yaliyokusudiwa maskini wa Karamoja na kuishia kwa wakubwa, na mawaziri wakafikishwa mahakamani.

Kamati ya shule haiwezi kuziba tundu la ukubwa huo. Inachoweza ni kuwa na rekodi safi, ili siku mkaguzi akija kuuliza "mlipata?", jibu liwe tarehe na kiasi.

Ukishapata ushahidi, uende wapi

Anza na kikao cha kamati chenye kumbukumbu zilizoandikwa. Kisha gombolola, kisha ofisa elimu na ofisa mtendaji mkuu wa wilaya. Peleka barua yenye nakala, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukinyimwa taarifa, Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na kuitaja sheria hiyo kwenye barua hubadilisha namna unavyopokelewa. Wilaya ikilala, nenda kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ambaye wengi tunamwita IGG. Ana ofisi mikoani na hapokei ada kusikiliza malalamiko. Kipo pia kitengo cha Ikulu cha kupambana na ufisadi, kilichoundwa Desemba 2018.

Hofu ni ya kweli. Kwenye mji mdogo kila mtu anajua nani aliandika barua, na mtoto wako bado anasoma pale. Sheria ya 2010 inamlinda mtoa taarifa na kumpa asilimia 5 ya fedha zitakazorudishwa, lakini kinga niliyoiona ikifanya kazi ni wingi wa saini. Barua yetu ilikuwa na majina kumi na moja, na la kwanza lilikuwa la Jaja. Aliweka dole gumba badala ya saini, akasema macho yake yameanza kumchoka ila kidole bado ni chake.

Usipeleke uvumi. Peleka taarifa ya benki, picha za risiti, hesabu ya vichwa na tarehe zake, urefu wa kamba ya choo. Na andika pia ulichokikuta kikiwa sawa, kwa sababu anayesoma akiona umekuwa mwadilifu kwa mwalimu mkuu atakuamini kuhusu mkandarasi.

Kupima tena

Tundu lililozibwa hufunguka. Kwetu, risiti zilipofika wilayani mwalimu mkuu alihamishwa, sehemu ya fedha ikarudishwa, na kwenye mlango wa ofisi kikabandikwa kiasi cha ruzuku kwa wino mweusi. Muhula uliofuata kilibandikwa tena. Muhula huu wa tatu umeingia wiki ya nne, na mlangoni bado ipo karatasi ya Mei, imepauka kwa jua na kona moja imechanika. Huenda fedha zimechelewa. Jumatatu asubuhi mimi na Jaja tunakwenda kuomba taarifa ya benki.